Hamimu na Televisheni Alizozitia Giza

Ukitaka kumkasirisha Hamimu, fundi wa televisheni wa mtaa wa Buyenzi, msifie picha ambayo nyeusi yake ni ya kijivu. Atakutazama kama umemtukana mama yake. "Nyeusi ni nyeusi, bwana! Ukiona majivu, leta nitengeneze." Alikuwa na miaka kumi na saba katika kazi hiyo na, tuseme kweli, mtaani hapakuwa na wa kumshinda.

Vita vilipoingia mjini, watu wakaanza kumletea ombi jipya. Saa za kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, watu wote wakiwa wamejifungia ndani, mwanga wa televisheni unapenya pazia, na nani anataka wenye bunduki huko nje wajue kwamba ndani watu wako macho? Basi Hamimu alikuwa anafungua mgongo wa televisheni, anaitafuta parafujo ndogo ya mwanga, anaizungusha mpaka picha inafifia. Baada ya hapo, hata ukikaza kitufe cha mbele mpaka mwisho, hupati kitu. Nyumba moja ikaiambia nyingine. Kufikia mwaka wa tisini na nane karibu mtaa mzima ulikuwa umetiwa giza kwa mkono wake, naye akijigamba, "Si mnaiona nyeusi hiyo? Mkaa mtupu!"

Jumatano moja, baada ya sala ya adhuhuri, Asiya muuza vitumbua akaingia dukani na kaseti ya video amefunga kwenye ncha ya kanga. Mwanawe Uthmani alipotea mwaka wa tisini na tano, siku zile watu walipokimbia kila mmoja na njia yake. Miaka mitatu, barua hakuna, salamu hakuna. Karimu, shemeji yake Asiya, alikuwa amechoka kungoja. Ijumaa hii kijana asomewe hitma, ahesabiwe pamoja na marehemu, mambo yaishe.

Ila Birindwa, mfanyabiashara wa Uvira anayevuka ziwa, alikuwa amemletea mama huyo kaseti ya arusi ya mwezi uliopita, iliyofanyika katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Waliompa walisema Uthmani yumo, nyuma ya bibi arusi, chini ya turubai.

"Nimeangalia nyumba tatu, Hamimu," Asiya akasema. "Kwa Sijaona, kwa mama Houda, kwa shemeji. Bibi arusi namuona. Nyuma yake giza tu. Shemeji ananiambia, 'Umeona? Mutoto apana.' Sasa niangalizie we. Ukisema hayuko, mi nanyamaza."

Nyumba tatu, na televisheni za zote tatu alizifungua Hamimu mwenyewe! Masikio yakamwaka moto kwa haya. Akatundika blanketi mlangoni kuzuia jua, akatia kaseti, akageuza kidogo televisheni yake mwenyewe, iliyokuwa na giza lile lile, akaanza kuifungua nyuma.

"Kwani imeharibika?"

"Apana, mama. Mi ndiye nimeziharibu. Zote."

Akaeleza habari ya parafujo, na Asiya akakisogelea kioo.

Hamimu akazungusha parafujo kidogo. Nguzo za turubai zikatokea. Akaongeza, na picha nzima ikaingia ukungu, suti ya bwana arusi ikawa kama imemwagiwa unga. La, imezidi! Akarudisha nyuma kidogo sana, pumzi ameibana, mpaka suti ikawa nyeusi tena lakini vifungo vyake vinahesabika. Hapo ndipo kule nyuma nyuso zikaanza kutoka, mbili, nne, saba. Hamimu hakumtambua hata mmoja. Yarabi, nimwambie nini mama wa watu?

Kwenye nguzo ya mwisho kijana mmoja mwembamba alikuwa ameegemea, amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili ameupachika gotini.

"Uthmani!" Asiya alipiga ukelele. "Weka muguu chini! Utaangushia watu turubai, we mutoto!"

Na kijana yule, kwenye kioo, akageuka kumcheka mwenzake, uso mzima ukaonekana. Asiya alikaa chini sakafuni pale pale. Hamimu naye akaketi kando yake na bisibisi mkononi, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, machozi yanamtoka bila aibu. Tangu vita vianze hakuwahi kuvuta pumzi ndefu namna ile.

Kisha mama akainuka, akalivuta blanketi likaanguka, akatoka mpaka katikati ya njia na kuita kwa sauti ya sokoni:

"Karimu! Shemeji! Njoo! Njoo uone maiti yako! Amekonda, lakini anacheka!"