Simu Iliyofungwa Kwenye Mnazi

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani Malindi, nikaona waya wa intaneti umening'inia juu ya njia, umefungwa kwenye mnazi kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilisimama nikatema mate. Samahani, msomaji, lakini nawe ungetema, maana uchafu huu naujua tangu utotoni.

Enzi hizo mtaani simu ilikuwa kwa bibi tu, mzaa mama. Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa akifanya kazi Jeda, na kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri alipiga. Bibi alijitayarisha tangu asubuhi: ataoga, atajifunga leso mpya, atafukiza udi, kisha atakaa kando ya simu kama anayengoja mgeni mlangoni. Sisi watoto tulikatazwa hata kumumunya ubuyu karibu naye.

Simu yenyewe sasa! Nguzo ilioza ikaanguka, na mafundi badala ya kuleta nyingine wakaufunga waya kwenye mnazi wa jirani. Mnazi, jamani! Kila mkwezi alipopanda kuangua nazi, kuti moja likianguka lilitosha kuukata. Mafundi wakija wanausokota kwa mkono, wanauviringia nailoni, basi. Mvua ikinyesha maji yanajaa mle ndani, shaba inaota kutu ya kijani. Kazi ya kutia kinyaa. Lakini kwenye wali wa nazi wa bibi na samaki wake wa kupaka, mafundi hao hawakulegea hata siku moja. Walikula hadi wakalamba vidole, wakaenda zao. Mjomba akipiga, tulisikia kelele kama mafuta yanayochemka karaini, na katikati yake sauti ya mbali: "Mzima, mama, mzima."

Ijumaa moja walikuja tena, wakamaliza upesi, wakanawa mikono. Bibi hakuleta sinia.

"Ishatengenea hiyo, bi mkubwa," fundi mkuu akasema. "Ni bahari hii, chumvi yake yala waya."

"Na hiyo nailoni, ni bahari iliyoifunga?"

Akawakalisha barazani hadi simu ikalia, akamkabidhi yule fundi mkonga. "Huyo ni mwanangu. Hebu niambie asemaje."

Fundi alisikiliza, akauliza "Eti?" tena na tena, mwisho akaurudisha bila kumtazama bibi usoni. Wiki haikwisha nguzo mpya ikasimamishwa, na waya mpya ukavutwa, mzima, usio na kiungo. Kumbe kazi waliijua! Hilo ndilo lililonichefua zaidi: waliijua, wakatufanyia uchafu.

Ijumaa iliyofuata bibi alisikia sauti ya mwanawe waziwazi. Akasikia na kikohozi. "Mzima, mama," mjomba alisema kama kawaida yake, lakini pumzi ilimkatika kati ya maneno.

"Rudi nyumbani," bibi akamwambia. "Leo hii funga mizigo."

Alirudi amekonda. Daktari alituuliza mbona amecheleweshwa hivi. Ramadhani moja alifuturu nasi, ya pili hakuifikia.

Bibi naye ametangulia, nyumba ina wenyewe wengine, na sijui kama yuko mtu mtaani pale anayeoga na kuvaa kwa ajili ya kungoja simu. Nimezeeka, ila hasira yangu imegoma kuzeeka. Kikohozi kile kilikuwa kikija kila Ijumaa, nasi tukidhani ni ubovu wa waya.