Msumari wa Saa Iliyopotea

"Siweki sahihi, shemeji. Nikiweka nimemuuza."

"Utamuuza nani? Hiyo ni saa ya ukutani tu."

Mshona mapazia alikuwa ameikalia fomu ya posta, ametulia kwenye kiti chake cha cherehani kama kuku juu ya mayai. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alizunguka meza asijue aivute vipi bila kuvunja heshima.

Saa waliituma kwa kifurushi chenye bima, iende kwa binti wa mjane aliyeolewa mbali na kutaka ukumbusho wa baba. Haikufika. Posta walikuwa tayari kulipa, ila walitaka uthibitisho wa thamani, na risiti haikuwepo. Marehemu aliinunua kwa mchuuzi wa njiani, ambaye, kwa maelezo ya marehemu mwenyewe, alitoa saa tatu za ukutani ndani ya kofia moja. Basi karani akasema italeta nafuu picha ya saa ikiwa ukutani, pamoja na neno la fundi aliyewahi kuitengeneza. Picha ilipatikana: marehemu amesimama chini ya saa, tumbo mbele, kana kwamba kaizaa yeye. Fundi saa naye alikuwa njiani.

Kilichomkwamisha mjane ni mstari wa mwisho wa fomu. Ukishalipwa, kifurushi kikipatikana ni mali ya posta.

Na kwake yeye saa haikuwa imekwenda popote. Kila jioni aliisikia ikigonga kwenye ule msumari mtupu, pigo la tatu likikwaruza kama mtu mwenye mafua, vilevile kama zamani. Mara ya kwanza alisingizia masikio. Mara ya pili cherehani ilisimama yenyewe, na pazia mikononi mwake likawa baridi kama limetolewa kisimani. Siku hizi huacha kikombe cha pili cha chai mezani. Asubuhi hukikuta nusu.

Shemeji alisema, kwa ule upole unaoudhi, kwamba huo ni upweke, ahamie kwake alale na watoto.

"Watoto wako wanakoroma kumshinda kaka yako. Halafu yeye nimwachie nani?"

"Shemeji, kaka alikufa."

"Najua. Ni mimi niliyemfumba macho."

Shemeji akautazama msumari, na duara jeupe chini yake pale saa ilipoukinga ukuta na vumbi. Kisha akashika pole pole ncha ya karatasi iliyochungulia kitini. Mjane hakumzuia. Alikuwa amechoka kusikia peke yake. Akajiinua kidogo, fomu ikatoka, akachukua kalamu.

Ghafla akageuza kichwa.

"Niambie kweli. Husikii kitu?"

"Sisikii."

Mlango ukasukumwa. Fundi saa aliingia akihema, mkoba kwapani.

"Mniwie radhi kwa kuchelewa," alisema. "Kumbe imerudi? Nimeisikia nikiwa kwenye ngazi. Lile pigo la tatu bado lina mafua yake, dada, na nyundo yake niliifunga kwa uzi wako."

Akainua macho ukutani. Kalamu ya mjane ikabaki hewani.