Kiatu Kisicholia

Nimetembea kwa miguu toka Pwani hadi Ujiji, lakini magoti yangu hushindwa na kungoja bomani. Juzi hapa Dodoma nilikuwa naomba ruhusa ya safari, mbele yangu akiwa Mgogo anayekata majani ya bustani ya Bwana Mkubwa, naye akimwomba karani.

“Bwana karani, mashine ya majani inalia. Naomba mafuta.”

“Yamekwisha. Ipake samli, si ndiyo mnayojipaka?”

“Nimeipaka, bwana, samli ya mwanangu. Imeshika vumbi, visu havizunguki. Majani yakirefuka nitalazwa nile viboko hamsa ishirini.”

“Basi ulale vizuri.” Karani akapandisha mguu kitini, akafunga kamba. Kiatu kiling'aa, kikanuka mafuta ya mashine hadi nilipokuwa.

Mgongo wa mtu uchanwe ili ngozi ya kiatu ilainike?

“Bwana karani,” nikasema, “mbona kiatu chako hakilii?”

Askari mlangoni akaguna kicheko. Karani akasukuma kopo la mafuta kwa mguu kutoka chini ya meza.

Mgogo aliondoka na mgongo wake mzima. Ruhusa yangu je? Safu hii ya gazeti naiandika nikiwa bado Dodoma.