Nyegere wa Mama Mkwe

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilikaa Rumonge na mama mkwe wangu nyumba moja, na sidhani kama tulizungumza maneno mia. Alikuwa mjane, mchuuzi wa mawese sokoni, mwenye mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye niliyemchukua mimi. Mimi nilizaliwa kambini, upande wa Tanzania, nikarudi Burundi nikiwa msichana mkubwa, na Kiswahili changu cha shuleni majirani walikicheka kwa adabu. Jirani mmoja alininong'oneza kwamba mama mkwe ana hofu moja: siku moja nitafunga virago nirudi nilikotoka, na mwanawe nyuma yangu. Sikuwa na mpango huo hata ndotoni. Lakini yeye hakuniuliza, nami sikuthubutu kuyaanzisha mimi. Nilichokitaka mwaka ule kilikuwa hicho tu, ajue kwamba siendi popote.

Ninaposema sikuthubutu, nieleweke. Pale kwetu mkamwana hamtumi mama mkwe, hamkatizi maneno, hamkodolei macho. Nilipita mbele yake nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Nilipika, nikatenga, nikarudi nyuma. Yeye alifunua sufuria, akaonja, akafunika bila neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikiusubiri mshindo wenyewe kila siku ya Mungu.

Mwisho wa mwaka, direkteri wa shule niliyokuwa nikifundisha aliazima projekta ili watoto waage kwa katuni. Katuni ilikuwa ya lugha ya mbali, na pwani hii yote ya ziwa, kuanzia Muhuta mpaka Kabonga, watu hawatazami filamu bila mtafsiri. Yeye husimama kando ya picha na kipaza sauti, akawasemea wahusika wote, na kuongeza chumvi pale wenye filamu waliposahau. Mtafsiri wa mji wetu alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta bidhaa na hajarudi. Direkteri alipouliza nani atajitolea, walimu wote walitazama viatu vyao. Mimi nilichelewa kutazama vyangu.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya sungura wenye kisima chao na paka mmoja mnene, mwenye koti na pete, aliyekitaka kisima hicho. Paka hakuwahi kuinua hata kijiko. Kazi zote chafu alimwachia mnyama wake, mweusi, mgongo mweupe, meno nje, mnyororo shingoni. Akifunguliwa aling'oa milango. Hakuwa na neno hata moja, alinguruma tu, na bwana wake akamtukana toka mwanzo hadi mwisho.

Nilifanya mazoezi uani kwa simu ya mume wangu, huku nachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Sungura walinitoka vizuri. Yule mnyama alinishinda. Nilinguruma kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki aina ya mukeke. Mama mkwe alikuwa akijaza mawese kwenye vidumu, akaacha, akaja kusimama juu ya simu. Akauliza yule ni mnyama gani. Nikasema sijui, mama, labda dubu.

"Dubu gani?" akasema. "Ile iko nyegere."

Kisha akanguruma. Kuku waliokuwa uani waliingia jikoni. Mume wangu alitoka bafuni na sabuni masikioni, akacheka, akasema basi shule imepata mnyama wake. Alikuwa anatania. Mama yake akauliza ni siku gani na saa ngapi.

Niliona fahari tupu hadi siku yenyewe ilipofika. Ilikuwa saa tisa alasiri, madirisha ya darasa yamefunikwa mablanketi, watoto chini, wazazi kwenye madawati, na wavuvi watatu waliokuja moja kwa moja kutoka ufukoni na harufu yao. Mume wangu alishika projekta. Mimi nilisimama kushoto kwa picha, mama mkwe kulia, karibu na dirisha. Paka akatokea na fimbo, akamwendea mnyama wake, akafungua mdomo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba paka ni mimi, nyegere ni mama mkwe, na kinachofuata ni matusi.

Ulimi ulikataa. Nikasikia sauti yangu ikisema kwenye kipaza sauti, "Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Ukipata nafasi, naomba uniletee yule sungura."

Ukutani paka alikuwa akimcharaza fimbo. Watoto wakatazamana. Paka akamtupia mnyama mfupa usoni, nami nikamkaribisha chakula, nikamwomba radhi kwa kuwa ni kidogo. Direkteri akakohoa. Mvuvi mmoja akamwuliza mwenzake kama huyu paka ni mgonjwa. Nilikuwa natokwa jasho mpaka kipaza sauti kinateleza mkononi, na bado adabu ilikuwa inanitoka yenyewe, siwezi kuizuia.

Mama mkwe alivumilia matukio mawili. La tatu, katikati ya kunguruma, nyegere akasema.

"Bosi, uko unanisemesha kama tuko kwenye posa. Mimi niko mutumishi wako. Nitukane, watoto waone filme."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Mimi nilimtazama usoni, mara ya kwanza tangu nifike nyumbani kwake. Hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja, mikono kiunoni, mwanga wa picha ukimchezea kwenye kilemba. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Nilianza kidogo kidogo. Mvivu wewe. Mchafu wewe. Akanguruma kwa furaha, na watoto wakapiga makofi, nami nikanogewa. Nikamwita mzigo, nikamwita shetani wa manyoya. Halafu sijui mlango gani ulifunguka, maneno ya nyumbani yakaanza kupita.

"Kila siku unafunua sufuria yangu, unaonja, unafunika," paka akafoka. "Kama chumvi imezidi, si useme."

Ukutani sungura walikuwa wanachimba handaki. Hapakuwa na sufuria hata moja.

"Chumvi inazidi, bosi," nyegere akajibu bila kusita. "Tangu siku ya kwanza."

"Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa unainamisha kichwa kila siku. Ningesemesha kitambaa cha kichwa?"

Wanawake wa mtaani kwetu walielewa kabla ya wengine. Walipigana mapaja, mmoja akatoka nje kupata hewa. Mume wangu alijifanya anatengeneza waya wa projekta. Sijawahi kucheka vile nikiwa nimesimama, machozi yananichuruzika, na bado napaswa kumsemea sungura mzee anayehutubia wenzake. Yule sungura alihutubia vibaya sana siku ile.

Ikabaki sehemu ya mwisho. Mto umefurika, daraja linakatika. Paka anaruka kwenye mkokoteni na kukimbia, na mnyororo wa mnyama wake umenasa kwenye nguzo. Maji yanapanda. Mnyama anafungua mdomo wote na kunguruma muda mrefu, na hakuna anayemjibu. Nilikuwa nimeitazama sehemu ile mara nne kwenye simu, na kila mara nilimhurumia.

Mama mkwe hakunguruma. Mnyama ukutani alikuwa mdomo wazi na darasa linangoja. Kisha ikatoka sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Bosi. Mimi nilikuwa nauma watu kwa sababu najua siku moja utapanda gari, uende kwenu. Utaniacha hapa, fasi hii, peke yangu."

Nilijua paka yule harudi. Kwenye picha ulibaki mkokoteni tu, mdogo, unapotelea kilimani, na sikuwa na mtu wa kumsemea. Nikasema hata hivyo.

"Mama, siendi popote. Kule nilizaliwa tu. Kwetu ni hapa."

Sikubadilisha sauti iwe ya paka, sikukumbuka. Msichana mmoja wa mbele, ambaye darasani hakuniachia kosa hata moja mwaka mzima, alisimama na kunyoosha kidole.

"Madame," akasema, "lakini paka iko inakimbia."

Nikamwambia paka anazungukia njia ya nyuma, kwa kuwa daraja limekatika. Akautazama ukuta, akafikiri, akaketi. Ndipo mama mkwe aliponguruma, mngurumo ambao wavuvi waliusimulia ufukoni wiki nzima, na akarusha mikono juu kwa nguvu hata ikashika blanketi la dirisha na kuliangusha. Jua la saa kumi likajaa darasani na picha ikafutika ukutani. Tulihangaika na misumari, tunacheka, mimi nimemshikilia kiuno asianguke kwenye kiti alichopanda. Blanketi lilipokaa sawa katuni ilikuwa imekwisha, na watoto wote walikwenda nyumbani wakijua kwamba paka alirudi.