Theodosia na Kitabu Kisicho na Mende

Pale Lumemo alikuwako mwanamke mmoja mjane, jina lake Theodosia. Watu walimwita Mama Kinyaa, naye aliitika. Ukimpa maji, alinusa kwanza. Ukimkaribisha chakula msibani, alisema ameshiba, hata kama hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Kikombe alikifuta ndani, akakifuta nje, akakigeuza kutazama chini yake, na mwenye kikombe amekaa hapo hapo anamwangalia. Wengi walichukia. Mimi sikuchukia. Nilikuwa nikipita kila mwaka kutia mipini majembe ya watu, na mtu anayelala leo hapa kesho kule amekwisha kuona mengi ndani ya bakuli za wenzake. Kwa Theodosia nilikula nimefumba macho.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Yosefina, aliyekuwa anamaliza darasa la pili. Roho ya mama yake yote ilikuwa hapo.

Watu wa bonde hili, Krismasi ikishapita, hufunga nyumba wakahamia mbugani kulima mpunga, na watoto huenda nao kuamia ndege. Mtoto anapanda dungu, kichanja cha miti katikati ya shamba, anapiga kelele tangu jua kuchomoza hadi kuzama ili ndege wasitue. Shuleni anarudi baada ya mavuno, na wengi walikuwa wakirudi wamesahau herufi zote. Balbina, binti wa nyumba ya jirani, alirudi hivyo. Mwalimu akaandika neno ubaoni, Balbina akalitazama kama mtu anayetazama nyayo za mnyama asiyemjua. Hakwenda tena. Theodosia, ambaye yeye mwenyewe hakujua hata a, aliliona jambo lile akashindwa kulala.

Majilio ya mwaka 1954, majuma yale ya kungojea Krismasi, akasimama mbele ya wazazi wenzake, baada ya ibada, akasema, "Mtoto ana mdomo mmoja. Kama ni lazima apige kelele, basi apige kelele ya kitabu. Ndege wataruka, na yeye hatasahau."

Watu walicheka sana. Halafu wakaacha kucheka, wakakubali. Zawadi ya Krismasi ya mwaka ule isiwe pipi wala kitambaa, iwe kitabu, kila mtoto chake. Nyumba zikatoa mpunga wa kununulia. Wakachagua watu wawili kwenda kuchagua, Mwalimu Raimundi kwa kuwa anasoma, na Theodosia kwa kuwa kitu kichafu hakimpiti.

Duka lenye vitabu lilikuwa Mlabani, la Eustaki. Siku ile nilikuwa barazani kwake nachonga mpini, nikaona yote. Eustaki alikuwa mtu mwema, lakini duka lake, Mungu anisamehe, lilikuwa linanuka. Kambare wakavu walining'inia juu, na vitabu vilipangwa chini yao, hivyo kila joto lilipozidi mafuta ya samaki yalidondoka, tone, tone, juu ya vitabu vya watoto.

"Ninavyo vya kila namna, Mwalimu," alisema, akivishusha kwa kumbatio. "Vya watoto, vya vijana, vya Krismasi."

Theodosia akafunika pua kwa kanga. Cha kwanza kilikuwa cha vijana, kina picha ya mwindaji amekanyaga kichwa cha kiboko. Kurasa zimegandamana kwa mafuta. Cha pili alipokifungua tu, mende akatoka taratibu, bila haraka, kama mwenye nyumba anayekuja kuona nani amebisha hodi. Cha tatu kilikuwa na msichana na mbuzi juu ya jalada, lakini msichana huyo usingemjua uso wake kwa vile mende walivyomnyea, na kwenye mgongo wa kitabu mayai yao yalijipanga kama punje za kunde.

"Ondoa hicho," Theodosia akasema.

"Yanabanduka hayo, Mama Yosefina."

"Yabandue uyale wewe."

Eustaki akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaenda nyuma akaleta bunda ambalo bado limefungwa kwa karatasi yake. Humo mlikuwa na vitabu vipya, jalada jekundu linalong'aa, na mtoto amevaa soksi nyeupe, ameshika sabuni. Mwalimu Raimundi akafungua ukurasa wa kwanza akasoma habari za kupiga mswaki kabla ya kulala.

"Adabu na usafi," akasema. "Hiki ni kitabu kizuri."

Theodosia akakinusa. Kilinuka wino tu. Akapitisha kidole juu yake, akakitazama kidole, hakuona kitu. "Hiki," akasema. Akavifunga vyote katika kanga safi akajitwika, na njia nzima hadi Lumemo hakukubali mtu ampokee.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, Mwalimu aligawa kwa mkono wake mlangoni mwa kanisa. Watoto walivikumbatia. Siku chache baadaye watu wakahama.

Mimi nilifika mbugani mpunga ulipoanza kutia maziwa, wakati ndege wanapokuja kama wingu. Nilisikia sauti nikiwa bado mbali. Watoto wa madungu yote walikuwa wakisoma kitabu kimoja, kila mmoja na mahali pake, huyu akimaliza yule anapokea. Nikasimama. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana akili. Nikasogea. Ndipo maneno yakaanza kunifikia.

"Mtoto wa shamba hanawiii! Kucha zake zina topeee!"

Na kutoka dungu la pili, "Nzi wanamfuataaa! Mama yake ananukaaa!"

Na kwa mbali kabisa, sauti nyembamba kama ya kitoto cha mbuzi, "Usile nayeee! Usile nayeee!"

Ndege waliruka, kweli. Na chini ya madungu walikuwa mama zao, wameinama, tope hadi magotini, wanang'oa magugu katika mpunga. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wamekwisha kuzoea, na hilo la kuzoea ndilo lililonitia kichefuchefu zaidi. Nimekula samaki waliooza safarini nikanyamaza, lakini siku ile nilitema mate njiani. Nilifikiri kwamba kuna mtu aliyekaa kitini, amenawa, amekunywa chai yake, akaandika hayo. Mwingine akachora nzi, mmoja mmoja, akawapangia usoni mwa mtoto.

Nilimkuta Theodosia kwenye kinu, anatwanga pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa ukapondwa. Nikatua mzigo wangu wa mipini.

"Umesikia," akasema yeye.

"Nimesikia, mama."

"Mimi nasikia tangu tulipohamia. Asubuhi hadi jioni. Usiku nikilala bado kinasomwa kichwani."

"Si umnyang'anye?"

Akaacha kutwanga. "Halafu asome nini? Mchi? Sasa hivi hakwami hata mahali pamoja. Maneno marefu anayameza kama maji. Nikikichukua, mavuno yakifika ni Balbina mwingine." Akatwanga tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Na nilikichagua mimi. Nilikinusa mimi mwenyewe."

Yosefina akashuka kupumzika. Akanipa shikamoo vizuri. Mama yake akachota pepeta ya moto, akampelekea kiganjani kama mama wote wanavyowapelekea watoto wao. Mtoto hakukitazama chakula. Alitazama kucha za mama yake, zilizokuwa na tope jeusi la mbugani, lile ambalo halitoki mpaka msimu uishe. Mdomo wake ukajivuta upande.

"Nimeshiba, mama," akasema.

Nikamwangalia Theodosia. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, ya miaka yote ya misibani, na sasa yalirudi kwake yakitoka mdomoni mwa mtoto aliyemzaa. Akawamwagia kuku ile pepeta.

Shamba lililofuata lilikuwa la Bibi Katarina, mama yake Mwalimu Raimundi, na mjukuu wake Serafina ndiye aliyekuwa juu ya dungu. Jumapili ile Mwalimu alikuja na baiskeli kuwaona. Nilikuwa natia mpini jembe la bibi, na bibi alikuwa anamngoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo usikilize mwanao." Serafina akasoma kwa sauti yake yote. Bibi akangoja amalize. "Haya, nieleze mwanangu. Huyo mama anayenuka ni yupi? Mimi au mkeo?"

"Mama, ni kitabu tu."

"Kitabu kimemjuaje mama yako?"

Mwalimu akapanda dungu, akakitwaa kitabu. Alisoma amesimama, kurasa za katikati, zile ambazo hakuzifikia dukani. Aliposhuka alipangusa mikono kwenye kaptula nyeupe, akaipangusa tena, kama mtu aliyeshika kitu kilichokufa.

"Na niligawa mwenyewe," akasema. "Mlangoni mwa kanisa."

"Sasa mrudishie mtoto," akasema bibi. "Ndege hao."

Akamrudishia. Angefanyaje?

Mavuno yakaisha, watu wakarudi Lumemo. Shuleni Yosefina alisoma kuliko wote, hata walimu wakashangaa. Nyumbani alijitengea sahani yake, akaifunika kwa jani, akala amempa mama yake mgongo. Watu waliona wakacheka, wakasema Mama Kinyaa amezaa Kinyaa. Theodosia alisugua kucha zake kwa mchanga hadi zikatoa damu.

Majilio yaliyofuata akasimama tena baada ya ibada. Safari hii hakuna aliyecheka. "Kitabu tutakinunua," akasema, "lakini kwanza nikisikie kama nitakavyokisikia shambani. Mwalimu asome kwa kelele, mimi nikiwa mbali."

"Nitasoma," akasema Raimundi, hata kabla hajamaliza.

Hivyo Mlabani ikaona kitu. Mwalimu wa watu, amevaa tai, amesimama barazani kwa Eustaki anapiga kelele, na ng'ambo ya barabara, pale wanapokaa wauza mchele, Theodosia na wanawake wa Lumemo wamesimama mikono kiunoni. Alianza na kile cha mwindaji.

"Boiii! Beba bundukiii! Boi akalia kwa wogaaa!"

"Weka chini!" wakasema wanawake.

Akachukua kingine, cha wasichana waliokwisha kukua, cha mafunzo ya utumishi katika nyumba za Wazungu. "Simama mlangoniii! Usikae kwenye kiti cha bibi yakooo!"

"Akasimame yeye aliyeandika!" akajibu Bibi Katarina, ambaye alikuwa amekuja kwa miguu yake. "Weka chini, Raimundi, unanikera."

Hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine. Vilivyokuwa safi, vibaya. Vichafu, vibaya vile vile. Mwalimu alianza kupwelewa sauti. Mwisho kabisa Eustaki akasukuma kwa kijiti kile cha msichana na mbuzi. Mwaka mzima umepita na mende hawakulala. Raimundi akakifungua kwa ncha za vidole, uso ameugeuza, akaanza.

"Njoo, Kidoaaa! Kidoa weee! Umekwenda wapi, mbuzi wanguuu?"

Muuza mchele mmoja, amekaa na mafungu yake, hajui habari, akajibu, "Huku hajapita!"

Watu wakavunjika mbavu. Theodosia peke yake hakucheka, alikuwa anasikiliza. Raimundi akaendelea. Msichana anaita mlima huu, anaita mlima ule, mbuzi haonekani. "Ndipo mama yake akaacha jembeee! Akaja mbio na tope mikononiii! Akamshika mkono wakaita pamojaaa!"

Theodosia akavuka barabara. Akamwambia asome hadi mwisho, kila neno, na Mwalimu akasoma hadi mwisho, sauti imebaki kama ya chura. Hapakuwa na tusi.

"Unavyo vingapi hivi?"

"Vyote vile vya chini," akasema Eustaki. "Hakuna aliyevitaka. Na mayai, mama, nilikuambia..."

"Nyamaza. Nipe."

Akakaa barazani, yeye Mama Kinyaa, akavipakata, akaanza kubandua mayai ya mende kwa ukucha wake mwenyewe. Mengine yalipasuka. Yalitoa maji ya njano yenye harufu nisiyotaka kuieleza. Alibandua, akafuta kwa kanga, akaweka kando, akachukua kingine. Katikati alikwenda nyuma ya duka kutapika, akasukutua, akarudi mahali pake. Mwalimu Raimundi akavua tai, akakaa karibu naye akasaidia.

Mwaka 1956 ndio uliokuwa wa mtihani wa darasa la nne, na Yosefina alifaulu, nalisema mapema ili mtu asiwe na wasiwasi. Lakini mimi nakumbuka zaidi siku niliyopita mbugani, mpunga umetia maziwa, na madungu yote yanamwita Kidoa, hata mtu mmoja wa mashamba ya ng'ambo akaja na kamba kuuliza kama mbuzi amekwisha kupatikana. Yosefina alishuka, sauti imekauka, njaa imemshika. Theodosia akachota pepeta, akaipoza kwa pumzi, akanyoosha kiganja.

Mtoto akasogea. Akatazama kucha kwanza. Kisha akainama akala, akamaliza.

Alikula, ndiyo. Lakini yale macho niliyaona, na Theodosia naye aliyaona. Kitabu kile chekundu walikwisha kukichoma jikoni, na bado kilikuwa pale, kati ya kiganja na mdomo. Mate yalinijaa, nikageuka nisitemee mbele yao. Nilipotazama tena, Theodosia alikuwa anachota mara ya pili, na safari hii alikunja vidole kwa ndani, polepole, kuficha kucha zake, mpaka kiganja kikawa kama kikombe.