Milio Mitatu Mifupi

Baba mkwe wangu alipofika Durban mwaka 2012 alikuwa amefanya kazi ya kukaza breki za treni kule Kongo kwa miaka thelathini na mmoja. Nilimuuliza mara mbili, jibu halikubadilika. Kwenye fleti yetu ya South Beach hakukuwa na cha kukaza ila bomba la jikoni, na hilo alilikaza mpaka mke wangu akashindwa kulifungua.

Alichotaka ni kazi, hata ya bure, mradi iwe ya reli. Nje ya mji kulikuwa na treni ya zamani ya mvuke, iliyotunzwa na wastaafu wa kujitolea, ikipanda milima Jumapili moja kila mwezi. Nilimpigia simu kondakta wake, Mhindi mmoja mwalimu mstaafu, mara nne. Mwishowe akasema: mlete, tumwone.

Stesheni, mzee alipima upana wa reli kwa nyayo zake, kwenda na kurudi, akasema ni nyembamba vilevile kama ya kwao. Injini ikapiga filimbi: sauti mbili kwa pamoja, moja nene, moja ya juu, kama mume na mke wanaoitikia hodi. Akasema hii ina afya. Ya kwake ya mwisho ilikuwa na sauti tatu na kikohozi.

Tulikaa kwenye kibaraza cha behewa la mwisho, pembeni ya usukani wa breki ya mkono. Kwenye kivuko cha barabara watoto walikuwa wamejipanga wakipunga mikono. Dereva akapiga milio mitatu mifupi. Mzee akasimama, akaushika usukani na kuanza kuuzungusha. Kwetu mkwe hamshiki baba mkwe mkono, kwa hiyo nikabaki kuhesabu mizunguko: saba. Behewa likalia, pakanuka chuma, treni nzima ikasimama mlimani. Watoto walipiga makofi.

Kondakta alikuja akihema, akauliza kwa Kiingereza nani amegusa breki. Nilitafsiri kwa upole kuliko alivyouliza.

“Walipiga tatu,” mzee alisema. “Tatu njo kukaza.” Kwa Kiswahili cha kwao, tatu ndiyo amri ya kukaza breki.

Kondakta akaeleza kwamba ile ilikuwa salamu kwa watoto. Hiyo nilitafsiri neno kwa neno, nikajuta.

“Filimbi haiko ya kusalimia watu,” mzee alisema. “Siku wataniita kweli, nitajuaje?”

Kondakta alijaribu kulegeza breki, ikamshinda, mzee akamlegezea. Ndipo kondakta akakiri kwamba hata katika kitabu chao cha kanuni tatu ni kukaza, ila tangu aanze kazi pale hajaona mtu akiitikia. Akasema mzee anaweza kuja mwezi ujao. Mzee akasema atakuja wakiacha kusalimia kwa tatu. Mimi niliyekwenda kumwombea nafasi nikajikuta napeleka masharti yake. Kondakta alikwenda mbele kwa dereva.

Wakati wa kurudi watoto walikuwa bado pale kivukoni. Mzee aliweka mikono magotini, karibu na usukani kuliko nilivyopenda. Filimbi ikalia. Nikahesabu, nikarudia kichwani: nne.

“Nne haina maana yoyote,” mzee alisema, akaniuliza mwezi ujao tutatoka nyumbani saa ngapi.