Wifi Yangu na Tone la Damu

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mfamasia na anaogopa damu. Msicheke. Mimi nikijikata na kisu jikoni, yeye ndiye anayetafutiwa kiti. Alisomea dawa makusudi, maana vidonge havitoki damu, na kwa miaka kumi na minane alikaa raha mustarehe nyuma ya kaunta yake.

Halafu ikaja barua: wafamasia sasa wataruhusiwa kupima sukari na malaria dukani, ila kwanza wapime mtu mbele ya mkaguzi. Wifi aliitaka ruhusa ile kufa na kupona. Alichoka kuwaambia wazee "nenda kapime hospitali", kisha anasikia wamerudi nyumbani, foleni imewashinda.

"Wifi, niazime kidole," akaniambia.

"Kimoja tu?"

Loh! Mwezi mzima alinitoboa vyote kumi. Mara ya kwanza alifumba macho, akatoboa glavu yake mwenyewe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kufikia wiki ya nne alikuwa ananipima huku akinisema kwa umbeya wangu.

Siku ya mkaguzi nilijipeleka mapema. Mkaguzi, mzee mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akanikataa.

"Huyu umemzoea. Nipime mimi."

Akatoa kidole, akageukia ukutani. Jasho linamtiririka, masikini!

"Hesabu mpaka tatu, baba," wifi akasema, akamtoboa kwenye mbili.

Tone likatoka. Wifi hata hakupepesa macho. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini alikuwa anaitazama mashine ya kupimia sukari, uso ameukunja.

"Umekula nini leo, baba?"

"Sijala tangu jana. Nina kiu tu, ni joto hili." Mzee akavuta fomu ya ruhusa, akatoa kalamu. "Hongera, binti yangu, umefaulu."

Wifi akaichomoa fomu mkononi mwake. "Hii itasubiri. Sukari yako iko juu sana. Twende kwa daktari, nakusindikiza."

Mzee akanywea. "Mke wangu ananiambia kila siku nikapime. Naogopa sindano."

"Wewe na mimi," wifi akacheka, akamshika mkono, wakatoka.

Duka nikaachiwa mimi, na fomu haina saini! Nikaichukua pale kaunta, nikafunga mlango, nikawakimbilia mpaka kwenye benchi la hospitali, nahema.

"Mzee, tia saini kabla hawajakuita!"